Hesabu kimya cha nyumba yako kabla ya kuhesabu kazi

Swali la msomaji: "Kaka, hujambo. Mimi ni prodyuza, nafanyia kazi chumbani kwangu Kisauni, Mombasa. Chumba ni mita tatu kwa tatu. Kwa sasa nimeshika kazi tano za watu: albamu ya kwaya yenye nyimbo nane (waimbaji ni 24), matangazo mawili ya redio, wimbo wa bi harusi kuingilia ukumbini, na muziki wa filamu ya dakika 22 ya shirika moja, nao wanataka udi, ile ala ya nyuzi, usikike humo. Nyumbani nina mke na watoto wawili wa shule. Nyumba hutulia saa tatu hadi saa sita mchana siku za shule, halafu tena usiku mkubwa. Nimechelewa kote, simu hazinyamazi, na anayepiga sana ndiye ninayemfanyia kwanza. Je, nikodi studio? Nirudishe kazi za watu? Ama ni mimi tu sijui kupanga muda?"

Ndugu yangu, sijambo, na pole. Hiyo hali naijua. Nilipoanza nilikaa Likoni, si mbali na kivuko, na honi ya feri iliingia kwenye rekodi zangu hadi nikaizoea kama mwimbaji wa kundi. Nilikuwa na kazi nne na madeni ya ahadi kwa watu wote wanne, na nilijilaumu kama unavyojilaumu wewe. Kilichonitoa pale ni daftari la shule na kalamu. Kwa wiki moja niliandika kila saa ambayo nyumba na mtaa vilinyamaza kiasi cha kuweza kufungua maiki. Nilipojumlisha nilipata saa 14. Nami nilikuwa nimewaahidi watu kazi ya saa arobaini kwa wiki.

Wewe umenirahisishia, hesabu yako iko ndani ya swali. Saa tatu hadi saa sita, siku tano: saa 15 kwa wiki. Usiku usiuhesabu, kwa sababu usiku ukifungua maiki ya kuimba ni kuamsha watoto na majirani, na mwimbaji anayejizuia sauti hakupi kitu cha kutumia. Basi una saa 15. Hiyo ndiyo bidhaa yako adimu. Kompyuta ipo siku nzima na hedifoni zipo usiku kucha, ila kimya una saa 15, na siku ya mapumziko ya shule huna hata hizo.

Sasa tuiweke kwaya kwenye mizani. Waimbaji 24 hawaingii chumbani kwako, kwa hiyo nakisia unawaita sauti moja moja: soprano sita leo, alto kesho, na kadhalika. Kila kundi, ukihesabu kuchelewa, kunywa maji, kukumbushana maneno na kurudia, halipungui saa moja na nusu kwa wimbo. Sauti nne ni saa sita. Nyimbo nane ni saa 48. Yaani kwaya peke yake inakula zaidi ya wiki tatu za kimya chako chote, bila wewe kugusa tangazo wala harusi. Hapo ndipo unapokwama, na hata ungeamka alfajiri kila siku usingelipa deni hilo.

Kwaya itoe nyumbani. Usiikodie studio pia, kwa kuwa studio nyingi za huku kwetu hazina chumba cha watu 24, utarudi kulekule kwa sita sita. Ipeleke kanisani kwao, siku ya katikati ya wiki, asubuhi. Kanisa lina paa la juu na nafasi, na waimbaji wanasimama walipozoea kusimama, wakimtazama mwalimu wao. Waimbe wote pamoja. Utahitaji maiki mbili zinazofanana, za kondensa, yaani zinazonasa hata sauti ndogo, na ziwe zile zinazosikia zaidi mbele kuliko nyuma. Zifunge kwenye stendi moja, vichwa viachane sentimita 17, vikitazama nje kwa pembe ya nyuzi 110. Mpangilio huu uliwekwa na redio na televisheni ya Ufaransa, na unaitwa ORTF hadi leo kwa jina la shirika hilo. Ipandishe stendi hadi mita mbili na nusu au tatu kutoka sakafuni, mita mbili au tatu mbele ya safu ya kwanza, kisha vaa hedifoni na usogeze hatua moja moja. Ukisikia mtu mmoja mmoja, umekaribia mno. Ukisikia ukuta wa nyuma kuliko maneno, umekaa mbali.

Kinanda kirekodi nyumbani mapema kwa waya, moja kwa moja kwenye kompyuta. Hicho hakihitaji kimya, unaweza kukifanya jirani akipigilia misumari. Pale kanisani, mwalimu asikie kinanda na mapigo ya kliki kwenye hedifoni aongoze kwa mkono. Ila kuna mtego hapa: kwaya isiyosikia ala hushuka polepole bila kujua, na wimbo wa dakika tano unaweza kuishia chini ya ulipoanzia. Kwa hiyo chagua mtu mmoja mwenye sikio zuri katika kila sauti, mpe spika ndogo ya sikio moja tu, kwa sauti ya chini, na mwalimu ambaye ni wa tano. Kigawanya hedifoni cha bei nafuu kinatosha. Wengine watamfuata jirani yao kama wanavyofanya kila Jumapili. Zima feni zote, tafuta kama kuna friji ofisini mwa kanisa uiombee ruhusa kuizima, na kabla ya wimbo wa kwanza rekodi nusu dakika ya ukumbi mtupu, watu wakiwa wamenyamaza. Utaishukuru nusu dakika hiyo ukija kuunganisha vipande. Teki tatu kwa kila wimbo, yaani uimbwe na kurekodiwa mara tatu, nyimbo nne kwa siku, siku mbili. Saa 48 zimekuwa asubuhi mbili ndefu, na sauti utakayoipata haitalingana na ile ya watu sita waliobanana mbele ya kabati lako.

Kwaya ikitoka, kilichobaki kinachodai kimya ni kidogo kuliko unavyodhani. Sauti za matangazo mawili, saa mbili. Mwimbaji wa wimbo wa harusi, saa tatu ukimpa nafasi ya kupumua. Mpiga udi, saa tatu, kwa sababu udi una sauti ndogo na kila mkwaruzo wa kiti unaingia. Jumla saa nane. Una 15 kwa wiki. Ndugu yangu, wiki moja ya asubuhi inamaliza kurekodi kazi zako nne, na saa saba zinabaki za kurudia kilichoharibika.

Kuanzia hapo, zoea kuigawa kila kazi kwa kinachohitajika badala ya kwa jina la mteja. Mimi nina mafungu matatu kichwani. Kuna kazi ya kimya, ambayo ni maiki kufunguliwa. Kuna kazi ya sikio, ambayo ni kuchanganya sauti na kuamua: besi ishuke, sauti ipande, wimbo uishe hapa. Na kuna kazi ya mkono, ambayo ni kukata, kusafisha pumzi, kupanga traki, kutaja faili majina, kutuma. Saa ya kimya usiitumie kwa kazi ya mkono hata kama mteja anapiga simu kila baada ya dakika kumi. Ukikaa kusafisha pumzi za mwimbaji wake saa nne asubuhi watoto wakiwa shule, umechoma dhahabu kupikia chai.

Kazi ya sikio ndiyo inayowaponza wengi wanaoshika miradi mingi. Sikio huzoea. Ukikaa saa mbili na tangazo lenye sauti kali za juu, kisha ukafungua wimbo wa kwaya, utaiona kwaya imefifia na utaipandisha juu isipostahili. Kesho asubuhi utaisikia inachoma. Kwa hiyo mradi mmoja kwa kikao kimoja cha sikio, na ukitaka kubadilisha, toka nje, kaa barazani nusu saa bila muziki wowote. Sauti iwe ya kiasi, mtu aliye pembeni yako aweze kuzungumza nawe bila kupaza. Kipimo cha usalama kazini kinachofuatwa na wengi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza desibeli tatu muda huo unakatwa nusu, hadi ukifika 94 umebakiwa na saa moja. Masikio hayana spea dukani.

Nikiwa hapo, neno kuhusu chumba chako, maana mita tatu kwa tatu ni umbo gumu. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na kuta mbili zilizoachana mita tatu huamsha mlio wa takriban mapigo 57 kwa sekunde, yaani pale pale besi ya muziki wetu inapokaa. Kuta zako pande zote mbili zina kipimo kimoja, kwa hiyo mlio huo unajirudia maradufu. Ukikaa katikati ya chumba besi inapotea, ukiegemea ukuta inakuja kama ngoma. Ndiyo maana miksi yako, bila shaka, ikienda kwenye gari la mteja inageuka kitu kingine. Trei za mayai hazisaidii hapo. Godoro nene lililosimamishwa kwenye kona husaidia kiasi, na kujua kasoro yenyewe husaidia zaidi: besi ihakikishe kwenye hedifoni na kwenye gari la rafiki kabla ya kutuma. Kwa kurekodi, fungua kabati la nguo, mwimbaji asimame mgongo ukielekea humo ili nguo zinyonye mwangwi nyuma yake, na mgongo wa maiki uelekee dirishani, kwa kuwa maiki ya aina hii husikia kidogo sana nyuma yake. Kwa mtangazaji mwenye sauti nzito, maiki ya kawaida ya jukwaani isiyo ya kondensa, ikisogezwa karibu na mdomo, itaacha pikipiki nyingi nje. Masika yakianza usipange kuimba chini ya mabati. Na hizo kondensa zako zihifadhi kwenye kopo linalofunga, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Nyumba nayo ina wenyewe. Mke wangu ndiye aliyetunga sheria tunayoifuata mpaka leo: kanga nyekundu ikitundikwa mlangoni, hakuna kuita, hakuna pampu ya maji, hakuna sufuria kuburutwa. Watoto walijifunza kwa siku mbili. Lakini aliweka na upande wa pili, na huo ndio ulioifanya idumu. Kanga inashuka saa sita, hata kama mwimbaji yuko katikati ya ubeti. Nilipojaribu kuiacha mpaka alasiri, siku ya tatu mtoto aliingia akiniita kana kwamba haipo, na sikuwa na haki ya kumfokea. Kanga inayokaa mlangoni kutwa ni pazia tu. Kaa na mama watoto umwoneshe hizo saa 15 kwenye karatasi. Akijua ni ngapi na zinalipa nini, atazilinda kuliko wewe.

Sasa utaratibu wa wateja. Harusi ina tarehe ambayo haisogei, hiyo itangulie. Matangazo ni mafupi, yafunge wiki hii hii uyatoe kichwani. Filamu usiikimbilie. Waulize swali moja tu: picha imefungwa? Yaani mhariri ameapa hakati tena? Kama bado, tunga vipande na uwatumie wasikie mwelekeo, ila usipime muziki kwa sekunde, kwa kuwa wakipunguza sekunde nne katika dakika ya sita, kila kitu kinachofuata kimehama na kazi yako ya wiki imeharibika.

Na filamu ina jambo jingine lililonigharimu mwenyewe. Video hutumia sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani kompyuta huipima sauti mara 48,000 kila sekunde, na albamu mara nyingi hufanywa kwa 44,100. Miaka ya nyuma nilikuwa na kazi za aina zote mbili wazi kwa wakati mmoja. Usiku mmoja niliingiza sauti za filamu ndani ya mradi wa albamu, na programu haikuzibadilisha. Mradi wa 44,100 ukisoma faili la 48,000 hivyo hivyo, dakika 22 zinakuwa karibu dakika 24, na sauti inashuka karibu robo tatu ya toni. Mimi nilikuwa nimechoka, nikaona tu kwamba muziki umekuwa na huzuni nzuri. Nilituma. Mteja akanipigia asubuhi kuuliza kwa nini msimulizi anaongea kama mgonjwa. Tangu siku hiyo miradi yangu yote hufunguliwa kwa 48,000 na biti 24, na ya albamu naibadilisha mwisho kabisa wakati wa kutoa. Traki moja kwa kipimo hicho hula megabaiti 8.6 hivi kwa dakika, kwa hiyo jua diski yako itajaa, nunua ya pili mapema. Nakala ziwe tatu, na moja ilale nyumba nyingine, kwa ndugu au kazini kwa rafiki. Jina la faili lianze na tarehe, kisha mteja, kisha wimbo, kisha namba ya toleo. Maneno kama "mwisho" na "mwisho kabisa" yafute katika msamiati wako wa faili. Ukiweza, weka betri ya dharura kwenye kompyuta, maana stima ikipotea katikati ya teki nzuri hairudi nayo.

Masta, yaani matoleo ya mwisho unayokabidhi, nazo zitofautiane. Wimbo wa kwaya utakaowekwa Spotify utasogezwa na mtambo wao hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kwa hiyo kuubana uwe mkali hakukupi kitu. Filamu ikienda kwa wafadhili wa Ulaya, huenda wakadai LUFS -23 kwa mujibu wa R128, kanuni ya sauti ya watangazaji wa Ulaya. Uliza kabla, si baada.

Marekebisho ndiyo mwizi mkubwa wa muda kuliko hata kelele. Weka kabla ya kuanza: marekebisho mawili yamo ndani ya bei, la tatu linalipiwa. Na kila mteja awe na mdomo mmoja. Kwaya ina mwenyekiti, katibu, mwalimu na mzee wa kanisa, kila mmoja akikutumia ujumbe wa sauti, alto ipande, alto ishuke, hutamaliza albamu mwaka huu. Waambie wakutane wao, waandike, mtu mmoja alete. Arbuni iwe nusu, kabla maiki haijafunguliwa. Usione haya. Fundi cherehani hakati kitambaa chake mwenyewe kwa ajili ya shela ya mtu, na wewe usikate kimya chako bure.

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu wengi wetu hapa Kenya hatulijui. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kwa maneno yangu, kinasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila kama mmekubaliana vingine. Maana yake ukikaa kimya, umeuza. Kwa tangazo la redio pengine ni sawa, litakufa baada ya miezi michache, liuze kwa bei inayolingana. Kwa muziki wa filamu, ule udi na ile mada uliyoitunga ni mali ya miaka, na unaweza kutaka kuitumia tena. Andika sentensi mbili: muziki unabaki wa mtunzi, shirika lina ruhusa ya kuutumia ndani ya filamu hii na matangazo yake. Watie sahihi. Mashirika hayakasiriki kwa hilo, yamezoea karatasi. Kwaya nayo, kaeni muandike nani alitunga maneno na nani ana rekodi, kabla albamu haijaanza kuuzwa na watu hawajaanza kutazamana vibaya.

Umeuliza kama ukodi studio. Kodi kwa siku, kwa kile ambacho nyumba haiwezi, kwa mfano ngoma kubwa au drami, na gharama iwe ndani ya bei ya mteja. Kodi ya mwezi mzima kwa sasa itakulazimu ukubali kazi ya sita na ya saba ili uilipe. Kurudisha kazi hakuna haja. Ila ya sita ikija kabla ya hizi kutoka, mwambie mtu tarehe ya kweli ambayo saa za kimya zipo. Wengi husubiri, na asiyesubiri mwelekeze kwa mwenzako, naye atakuelekezea wa kwake siku moja.

Leo hii, kabla hujawasha kompyuta, piga simu wewe kabla hawajakupigia, kila mmoja umpe tarehe iliyotoka kwenye daftari. Anza na ile ngumu, ya kwaya. Mimi ningemwandikia mwalimu wao hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimechelewesha albamu na naomba radhi, nilipanga vibaya namna ya kurekodi. Naomba tubadilishe: tusije tena chumbani sita sita. Naomba kanisa Jumanne na Jumatano, saa tatu asubuhi hadi saa saba, kwaya yote 24, nyimbo nne kila siku. Nitakuletea kinanda cha nyimbo zote nane Jumamosi usikilize mwendo. Wanakwaya waje wamekula, na viatu visivyolia."